Posa ya Mwenye Nyumba

Hapo zamani, shule zilipokuwa chache milimani na walimu wa kike wachache zaidi, walimu watatu wasio na waume waliishi nyumba moja katika kijiji cha Mlaro. Navoneiwa, mkubwa wao, alikuwa amekaa pale kwa miaka mingi. Namkunda alifundisha hesabu. Eliwaza, mdogo wao, alikuwa mgeni.

Watu wa Mlaro walikuwa na desturi. Mshenga akileta posa, mwanamke humjibu papo hapo. Asiyetaka husema sitaki. Akinyamaza, amekubali. Akicheka, amekubali. Walimu wale walitoka mbali, lakini desturi hiyo waliijua wote.

Jumamosi moja mchana walikuwa barazani wakichambua mchele. Mvua ilikuwa ikinyesha.

"Mume ni mtoto wa darasa la kwanza asiyehitimu," alisema Namkunda. "Na mimi darasa langu limejaa."

"Sema tu, dada," alisema Eliwaza. "Mimi nimechoka kuitwa mwalimu hata harusini. Nataka niitwe mama fulani."

"Chambueni mchele," alisema Navoneiwa. "Maneno hayashibishi."

Bibi mmoja akapiga hodi. Alikuja kwa miguu kwenye mvua ile, na kanga zake zilikuwa kavu. Akakaribishwa kiti. Hakuketi.

"Wanangu, nimetumwa na Kiangi, mwenye nyumba hii. Aliijenga ili aoe. Anaposa mmoja wenu. Mnasemaje?"

Namkunda alicheka. Eliwaza aliinamisha kichwa, akanyamaza. Navoneiwa naye alinyamaza.

"Nimesikia," alisema bibi, akaenda zake. Ua ulikuwa tope tupu. Hapakuwa na nyayo.

"Huyo Kiangi ni nani?" aliuliza Eliwaza.

Navoneiwa alisema mchele umebaki mwingi.

Kesho yake walikuta viatu vya kiume mlangoni, vimejaa udongo mwekundu. Wakavitupa bondeni. Waliporudi wakavikuta. Wakavichoma. Wakavikuta. Kisha kiti cha mezani, ambacho hakuna aliyekikalia, kikawa na joto la mtu. Kisha mchana kweupe, chumba kitupu kikakohoa. Wakafunga virago wahame. Njia ya kushuka mlima ikawarudisha mlangoni.

Wiki ilipoisha bibi alirudi, akasimama nje ya kizingiti.

"Bwana harusi anangoja. Aliyekubali atoke, wenzake watabaki salama. Asipotoka kabla jua halijatua, nawachukua wote."

"Atoke Namkunda," alisema Navoneiwa. "Alicheka. Posa haina utani."

"Nilicheka kwa sababu simtaki mume, aliye hai wala aliyekufa. Kijiji kizima kinanijua kwa hilo. Atoke aliyetaka!"

Wakamtazama Eliwaza.

"Nilitaka," alisema. "Niliomba moyoni iwe ni mimi anayeniposa. Lakini nilitaka mume, sikutaka kaburi. Nani aliniambia kwamba Kiangi amekufa?" Akamgeukia Navoneiwa. "Dada, ulijua?"

"Nilijua. Alikufa kabla hajaoa. Nilionyeshwa kaburi lake mwaka niliofika."

"Mbona hukusema?"

"Kila mwalimu niliyemwambia alihama. Nimekula peke yangu miaka na miaka, Eliwaza. Ningesema, na ninyi mngehama."

"Basi toka wewe!" alisema Namkunda.

"Kwa nini mimi? Sikumcheka, wala sikumtaka. Niliwanyamazia ninyi. Yeye sikumjibu kitu."

Jua lilikuwa limegusa mlima. Bibi alinyoosha mkono kuvuka kizingiti. Nyuma yake mtu alikohoa, karibu sana, na hakuonekana.

Basi enyi mnaonisikiliza, kateni shauri. Aliyecheka hakutaka. Aliyetaka hakujua. Aliyejua hakusema. Mkono ule bado umenyooshwa.

Je, nani alistahili kuushika?