Eda ya Bi Mwanakheri na Fremu ya Kituoni

Hapo zamani, na msinicheke, zamani yenyewe ni ya juzi tu, palikuwa na mtaa wa ufukweni uitwao Gatini. Wakubwa wa mji wakaamua: hapa itapita barabara ya mwendokasi, hapa yatasimama maghorofa. Wakaja na ndoo ya rangi nyekundu, nyumba arubaini zikapigwa X. Watu wakaambiwa wahame, waende wanakokujua wenyewe.

Siku ya tingatinga ikafika. Nyumba ya kwanza kwenye mstari ilikuwa ya Bi Mwanakheri. Mumewe alikuwa amefariki siku tisa nyuma, naye yumo ndani, amekaa eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki. Maofisa wakamleta shehe. Shehe akasimama mlangoni akasema, "Bi Mwanakheri, nyumba kubomolewa ni dharura. Dini inakuruhusu kuhamia kwa dada yako."

Bi Mwanakheri akajibu nyuma ya pazia, "Ruhusa nimeisikia, shehe wangu. Lakini ruhusa si amri. Nimeishi na marehemu humu miaka thelathini na sita. Eda yake nitaimaliza humu humu."

Msimamizi wa kazi akapanda mori. Akamgeukia Ngassa, dereva wa tingatinga: "Washa! Ukuta ukitikisika atatoka mwenyewe."

Ngassa huyo alikwishabomoa mtaa mzima wa jirani bila kugeuka nyuma. Siku hiyo akazima injini, akashuka. "Mjane aliye kwenye eda simbomolei nyumba." Wakamfukuza kazi papo hapo. Akaitwa dereva wa pili, akakataa. Wa tatu, akakataa. Nani angekubali, na mwenzake keshakataa? Kazi ikasimama, ikingoja eda iishe.

Hapo akaja Sikudhani, binti mpima ardhi. Msimwonee huruma mapema: mstari ule uliopita juu ya nyumba arubaini aliuchora yeye, ofisini, feni ikimpuliza. Sasa akaja kwa miguu. Akapima maji yakijaa, akapima maji yakipwa. Akaona upande wa bahari kuna maghala ya bandari ya kale, matupu, na barabara inatosha kupita, maghorofa kusimama. Akachora upya. Ofisi hii ikamwambia njoo kesho, ofisi ile ikamwambia ana kimbelembele. Wakamshusha cheo. Hakuacha ng'o! Siku tatu kabla ya eda kuisha, mchoro mpya ukapigwa muhuri.

Gatini ikapona. Barabara na maghorofa yakashika nafasi ya maghala. Wajenzi wakaupa mtaa fremu moja ya duka, mlangoni kabisa mwa kituo cha mwendokasi, pale abiria wote wanaposhuka. Tukasema kwa sauti moja: apewe aliyeuokoa mtaa. Sauti moja hiyo ikaishia hapo hapo!

Ngassa alisimama kwanza mkutanoni. "Ningewasha injini dakika moja tu, leo mngekuwa wapi? Tangu siku ile sina kazi. Kila kampuni inaniita mkaidi, na watoto wanne wananitazama."

Sikudhani akasema, "Hawa wawili waliwapa siku, na siku zina mwisho. Tingatinga lingerudi. Mstari nimeupinda mimi."

"Si wewe uliyetupitishia juu ya vichwa?" mtu akamrukia.

"Ni mimi. Nitajieni mwingine aliyerudi kufuta alichokosea."

Bi Mwanakheri akainuka mwisho. "Sitawadanganya. Sikukaa kwa ajili ya mtaa, nilikaa kwa ajili ya mume wangu. Lakini ningetoka siku ile, Ngassa angekataa nini? Binti huyu angerudi kupima nini? Sina mume, sina mtoto, nina karai la vitumbua. Fremu naitaka, wala sioni haya."

"Eda ni ibada, bibi. Malipo yake kwa Mungu," mtu mmoja mkutanoni akamwambia.

"Ya Mungu nitayapokea kwa Mungu. Fremu ni yenu."

Na asiniambie mtu wagawane, fremu yenyewe meza mbili haziingii. Wajenzi wamesema Ijumaa ikifika haina mtu, wanaichukua. Mwenyekiti wa Gatini ni mimi ninayewasimulia, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga hii. Leo ni Jumatano. Haya, semeni: je, nani alistahili?