Zamu ya Kwanza kwenye Mto Kivuma

Hapo zamani, huko kwenye milima ya Upare, mto uitwao Kivuma ulianza kufa. Masika ulishuka mwekundu kwa udongo, ukang'oa migomba na kubeba mbuzi. Kiangazi yalibaki mawe matupu, na wanawake wakakwangua mchanga kwa vibuyu wakitafuta maji.

Chifu Mashombo akatangaza: "Atakayeurudisha mto huu, zamu ya kwanza ya maji ni yake na ya uzao wake. Mfereji wake utafunguliwa kabla hata ya wangu."

Juu kabisa, penye chemchemi, aliishi mjane Nakijwa. Yeye na marehemu mumewe ndio waliofyeka msitu wa pale wakapanda mahindi. Hakuwa na shamba jingine. Siku moja aliitazama chemchemi ikitoa tone, ikinyamaza, akaona haya. "Mimi nilikuvua nguo," akasema, "mimi nitakuvika." Akang'oa mahindi yangali mabichi, akapanda mikuyu. Tangu hapo alikula kwa kuwalimia wengine, na watu wakamcheka: "Mjane anakula kivuli!"

Katikati ya mlima alikaa Kangero, mtu mkali asiye na rafiki. Mvua ilikuwa ikimwibia udongo. Akaukata mteremko wake ngazi kwa ngazi, akachimba makinga maji, akapanda matete kingoni. Kisha akawavamia majirani. "Mvua ikinyesha kwako, hasara inashukia kwangu! Chimba, au nichimbe mwenyewe!" Wengi hawakuchimba. Akachimba yeye, huku wakimtukana. Maji yaliyokuwa yakikimbia yakaanza kutembea, na yaliyotembea yakazama ardhini.

Bondeni alilima Mrindoko. Baba yake alikuwa amekausha kinamasi na kukizungushia tuta, pakawa shamba la mpunga. Basi ikaja masika kubwa, mikuyu ya Nakijwa ingali michanga, na makinga maji ya Kangero yakafurika. Mto ukashuka ukinguruma kuelekea kijijini. Mrindoko akakimbilia tuta lake na jembe. Mkewe, Namsifu, akaushika mpini.

"Baba Elinami, mpunga umeshatoa masuke! Tutakula nini?"

"Na kijiji kikizolewa, tutakula na nani?"

Namsifu akauachia mpini huku akilia. Tuta likakatwa, maji yakaingia shambani, yakatanda, yakatulia. Hakufa mtu hata mmoja. Mrindoko hakuliziba tena lile tuta. Kinamasi kikarudi, kikawa kinanywa maji ya masika na kuyatoa polepole kiangazi.

Miaka ikapita. Kikaja kiangazi kikali, nchi za jirani zikakauka, lakini Kivuma ukatiririka mweupe, mchana na usiku. Chifu akawaita wote watatu mbele ya mfereji mkuu.

Nakijwa akasema, "Mto huzaliwa kwangu. Pasipo chemchemi, hawa wangezuia nini?"

Kangero akafoka, "Wewe ndiwe uliyeuua! Umelipa deni lako, sasa unataka na zawadi? Mimi sikukosa kitu, na nimechimba mpaka mashamba ya wanaonichukia."

"Ulikuwa ukiokoa udongo wako," Mrindoko akamjibu. "Mto hukuuwazia hata kidogo. Mimi nilitoa chakula cha wanangu."

"Ulikitoa siku moja," akasema Nakijwa. "Mimi nililala njaa miaka. Tena kinamasi kile kilikaushwa na baba yako."

"Baba yangu, si mimi!"

Watu wakagawanyika papo hapo. Waliocheka zamani sasa walimshangilia mjane. Majirani wa Kangero, waliomtukana, wakapaza sauti wakimtetea. Akina mama wa bondeni wakamzunguka Namsifu, wakisema bila Mrindoko wangekuwa makaburini. Chifu akainua jembe la kufungulia maji, akawatazama mmoja mmoja, jembe likabaki hewani.

Msiniambie wote watatu, maana zamu ya kwanza ni moja, na maji yamekwisha kufika. Je, mfereji wa nani ulistahili kufunguliwa kwanza?