Kitambaa Kilichokunjwa Ndani ya Mshono

Wapendwa, kabla sijafika kwenye neno lenyewe, twendeni kwanza kwa fundi cherehani.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye mwanawe wa pekee alikuwa anaoa. Huko kwao, siku ya harusi, mama wa bwana harusi humzungushia bibi harusi kitenge mabegani mbele ya watu wote, akakifunga kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo upande wa binti husema, haya, mtoto wetu amepokelewa. Asipovikwa, au akivikwa nusunusu, maneno yake hayaishi mpaka kwa wajukuu.

Sasa mama huyu bega lake moja lilikuwa limeshuka. Miaka ishirini ya kubeba madumu ya maji ya kuuza si mchezo, na ndiyo yaliyomsomesha huyo bwana harusi. Tumbo nalo, mnajua wenyewe akina mama, halikuwa tena la usichana. Wakwe walikuwa watu wa mjini, na yeye alilionea aibu sana hilo bega.

Akaenda kushonesha gauni la harusi kwa fundi, mwanamke mpole, futi ya kupimia shingoni, chaki mkononi. Fundi alipomsogelea tu, mama akajinyoosha. Bega akalipandisha, tumbo akalivuta ndani, pumzi akaibana.

"Pumua, mama," fundi akasema.

"Mbona napumua."

"Basi inua mikono kidogo, nipime na kwapa."

"Ya nini? Wewe pima tu, mwanangu, nina haraka."

Fundi hakubishana naye. Akapima, akaandika. Niwaulize, pale fundi alimpima nani? Huyu mama wa madumu, au mwingine ambaye hata sokoni hajawahi kuonekana?

Gauni likatoka. Mbele ya kioo, kusema kweli, lilimkaa. Alijigeuza huku na huku mpaka uji ukamwagika jikoni.

Siku moja kabla ya harusi akasema, ngoja nijaribu kufunga kitenge. Mdogo wake akasimama katikati ya sebule awe bibi harusi. Mama akainua mikono, ikafika kifuani ikagoma. Akalazimisha, uzi ukalia kwapani.

"Dada," mdogo wake akasema, "kesho ukimfunga mtoto wa watu hivi, watasema humtaki."

Mama akakaa chini. Yule binti alimtaka. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na sasa gauni lingemsemea uongo mbele ya ukoo mzima. Hasira zikampanda, akalitia kwenye mfuko akaenda moja kwa moja kwa fundi.

"Umeniharibia. Hili gauni ni la kusimamia tu."

Fundi akalipokea, akaligeuza ndani nje, akachukua wembe akaanza kufumua mshono wa bega. Ndani yake palikuwa pamekunjwa kitambaa, upana wa vidole vitatu. Akafumua ubavuni, kipo. Kwapani, kipo.

Mama akanywea. "Kumbe uliona."

"Niliona ulipoingia mlangoni, mama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningeshonea bega lako siku ile, ungesema nimekuumbua. Uliniletea mtu mwingine nimpime. Nikamshonea yeye, na wewe nikakuwekea nafasi ndani." Akaitoa futi shingoni. "Haya, sasa simama kama unavyosimama jikoni kwako."

Mama akashusha pumzi. Bega likashuka likakaa mahali pake. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Na kesho yake alimzungushia mkwewe kitenge mara mbili, akakifunga, akabaki amemkumbatia mpaka mshereheshaji akakohoa.

Ndugu zangu, sisi je? Jumapili asubuhi tunaingia humu tumejinyoosha. Habari? Nzuri. Nyumbani? Salama. Hata aliyegombana na mkewe pale getini, salama. Tukipiga magoti tunamwombea mtu mwingine, yule tunayetaka Mungu adhani ndiye sisi. Halafu ikija siku ya kumsamehe ndugu, ya kumpokea aliyerudi, mikono inagoma kifuani, nasi tunamlaumu Fundi kwamba dini hii inabana.

Haibani. Nafasi yako imekunjwa mle tangu mwanzo, maana alikuona ulipoingia mlangoni. Ila angalieni jambo moja. Kitambaa kile kilikuwemo siku zote mama alipokuwa akijigeuza mbele ya kioo, na hakikumfaa kitu mpaka aliporudi akakubali kupimwa upya.

Haya, tusimame tuombe. Nami nimo, na joho langu hili. Tukisimama, tushushe mabega.