Uzi wa Idah

Katika mwaka wa 1996, hapakuwa na bendi ya kanisa mjini Ruiru iliyosifika kama ile ya Kiuu. Waliopuliza tarumbeta mbele ya bendi hiyo walikuwa ndugu wa toka nitoke: Gachanja, fundi wa baiskeli, na dadake Idah, mchambuaji wa kahawa kiwandani. Gachanja ndiye aliyeongoza. Alipopuliza, hata watoto watundu walitulia kama maji ya mtungini.

Mwezi wa Machi maradhi ya fizi yaliwapata wote wawili. Kila walipopuliza, damu iliwachuruzika midomoni, na meno ya mbele yakaanza kucheza. Wakaenda Thika kwa Daktari Mbaluka. Alipomaliza kuwakwangua ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda menoni, aliwaambia ukweli bila kuupaka asali.

"Mswaki peke yake haufiki katikati ya meno. Msipopasafisha kila siku, hamtapuliza tarumbeta Krismasi hii."

Akawaonyesha njia mbili. Ya kwanza ilikuwa uzi mwembamba wa meno, uliokuwa pale mezani. Ya pili ilikuwa mashine ya umeme ya kurusha maji kati ya meno. Hiyo alikuwa na picha yake tu.

"Ipi bora, daktari?" Idah akauliza.

"Mashine ni rahisi kutumia. Lakini hapa sina, na fizi hazingoji."

Gachanja aliutazama uzi, akacheka. "Mimi nishonwe mdomo kama gunia? Rafiki yangu Sele ana kakake ng'ambo. Ataniletea mashine mwezi ujao."

Idah aliuchukua uzi. Jioni ya kwanza alikiona cha mtema kuni. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kazi. Uzi ulikwama, ukakatika, ukamkata ufizi hadi machozi yakamlengalenga. Mumewe, Njau, akamwonea huruma.

"Mama Tabby, si ungojee mashine ya Gachanja?"

"Baba Tabby, meno yanayolegea ni yangu. Sitalala kabla sijamaliza."

Akajikaza kisabuni, jioni baada ya jioni. Wiki ya tatu damu ilipungua. Kufikia Juni ilikuwa imekoma kabisa.

Mashine nayo ilikuwa bado safarini. Aprili, kakake Sele alikuwa amesahau. Juni, mzigo ulikuwa umekwama bandarini. Agosti, Sele aliapa kwamba mwezi ujao haungepita kabla mashine haijafika. Idah alimpelekea Gachanja kikasha cha uzi. "Tumia huu huku ukingoja," alimsihi. Gachanja akakitupa kwenye sanduku la spana.

Septemba, katikati ya mazoezi, tarumbeta ya Gachanja ilikoroma ghafla kisha ikanyamaza. Wenzake waligeuka. Alikuwa amesimama, ameinamisha kichwa, jino lake la mbele li kiganjani. Wiki hiyo hiyo Daktari Mbaluka alilazimika kung'oa la pili.

Mashine ilifika Novemba, ndani ya sanduku linalometameta. Gachanja hakulifungua. Alikwenda kwa dadake, akaketi jikoni.

"Desemba utaongoza wewe," akasema.

"Gachanja, hiyo ni nafasi yako."

"Ilikuwa. Sasa nionyeshe uzi unavyoshikwa. Yaliyobaki sitaki yaende."

Idah hakumsuta hata kidogo. Alimkatia kipande, akamzungushia vidoleni, akamwelekeza polepole hadi akaweza.

Desemba, siku ya mashindano ya bendi mjini Thika, uwanja ulifurika pomoni. Idah alipoinua tarumbeta, sauti ilitoka safi kama kengele, na umati ukanyanyuka. Nyuma yake Gachanja alipiga ngoma kubwa kwa nguvu zake zote, midomo ameibana, mashavu yamelowa. Kiuu ilipotangazwa ya kwanza, yeye ndiye aliyemwinua dadake mabegani mbele ya watu wote.

Hakika, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.