Viti Mia Moja na Vinne vya Bweni la Misonobari

Kiti kitupu hakipigi kura. Mmeisikia leo asubuhi kwa mama yenu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Wengine watawaambia ni maneno ya wahenga. Wahenga gani? Wahenga ndio sisi, na siku hizo tulikuwa na umri wenu, tunavaa sketi za kijani na kugombania ndoo. Mwanzo wa methali hii ni kosa nililolifanya mimi bibi yenu, na wala sioni haya kulisimulia, maana limenichekesha miaka arobaini na tatu sasa.

Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha kilimo kule nyanda za juu, kwenye baridi, ambako ukifua shuka Jumamosi unaanua Jumanne, Mungu akipenda. Tuliishi wasichana mia moja na ishirini katika Bweni la Misonobari, nusu yetu chini na nusu ghorofani. Maji yalikuwa ya shida. Huku chini yalitoka alfajiri, tukafua na kumaliza mapema. Ghorofani hayakupanda hata tone. Wenzetu wa juu walilazimika kuteremka na mabeseni hadi kwenye bomba la bondeni, nyuma ya jengo, na kupanga foleni mpaka jua likawa kali.

Mwaka huo chuo kilipata tangi moja kubwa la maji. Jumatatu baraza la chuo lingekaa kuamua bweni gani lipewe, na kila bweni lingesemewa na mwenyekiti wake. Sisi mwenyekiti wetu alikuwa amehitimu na kwenda zake. Basi mlezi wa bweni, Bi. Nanzala, akatuita akatuambia kwamba tusipomchagua mwingine kwa kufuata kanuni, siku ya Jumamosi, hatutakuwa na mtu wa kutusemea, na hilo tangi tutaliona kwa jirani.

Mimi nikateuliwa kuwa msimamizi wa uchaguzi. Nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa mtu wa kucheka ovyo, wakadhani hiyo ndiyo busara. Nikapewa kanuni za jumuiya ya bweni, kurasa nne zilizopigwa taipu, nikazikariri kama mwanachuoni. Kampeni ziishe Ijumaa wakati wa chakula cha jioni. Uchaguzi ni halali iwapo theluthi mbili ya wakazi wapo, yaani watu themanini. Kengele ya saa sita mchana Jumamosi ikilia, mlango unafungwa na kura zinaanza. Aliyemo ndani atapiga kura, na aliye nje, hata awe nani, ni mgeni.

Lakini kanuni hazikusema hao themanini wahesabiweje, na hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Ukumbi wetu haukuwa na viti. Desturi ilikuwa kila mtu aje na kiti cha chumbani kwake, chenye jina lake mgongoni kwa rangi. Na wasichana mnawajua, wajukuu zangu: ukiwahesabu, huyu kaenda kunywa maji, yule kamfuata mwenzake dirishani, unaanza upya. Nikaamua nitahesabu viti. Kiti hakiendi chooni. Niliona nimevumbua jambo ambalo maprofesa wote wa chuo hawakuliona, nikaliandika na kulibandika ubaoni. Bi. Nanzala alilisoma, akanitazama, akaenda zake. Sasa najua aliniacha nifundishwe na dunia.

Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza Eliaichi, wa ghorofani, msichana mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe toka ng'ambo ya mto. Huyo alipendwa. Alikuwa mcheshi, alijua kila mtu kwa jina la utani, na akiingia mahali hata wagonjwa wanainuka. Alitaka uenyekiti kwa sababu ya hilo tangi. Mikono yake ilikuwa na sugu za ndoo, naye alikuwa ameapa kwamba wenzake wa juu hawatateremka tena bondeni kama punda. Wa pili alikuwa Gwantwa, wa chini. Mdogo wa umbo, mpole, akizungumza unasogea karibu. Yeye huku chini maji alikuwa nayo, ila alisema bweni ni moja, na haimwingii akilini nusu wafue na nusu wapande kilima. Watu wengi walimheshimu Gwantwa, lakini wa kumwimbia nyimbo walikuwa wachache.

Jumamosi ikafika. Mapema tu, kabla ya chai, nikasikia kishindo kwenye ngazi. Wa juu walikuwa wakishusha viti. Walivipanga safu za mbele zote, vimenyooka, na juu ya cha kwanza kabisa Eliaichi alifunga kitenge chekundu ili kijulikane ni chake. Wakishaviweka, wakageuka, wakachukua mabeseni na kwenda bondeni kufua. Kwa nini wakae bure? Tangazo langu lilisema vinahesabiwa viti, na viti vilikuwepo. Eliaichi alizunguka akivitazama huku akitabasamu. Sitamsingizia, hakufanya hila yoyote. Aliamini tu kwamba mtu akishaweka kiti chake, moyo wake nao umeshakaa.

Saa tano nikaingia na daftari. Nikahesabu viti kwa kalamu, safu kwa safu, nikapata mia moja na vinne. Nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri: akidi imetimia. Bi. Nanzala alikuwa amekaa pembeni kama shahidi, anafuma sweta. Nikatangaza kwamba kwa kuwa tumeshakamilika, hakuna haja ya kungoja kengele, nafunga mlango tupige kura.

Gwantwa akanyoosha mkono.

"Dada Asifiwe," akasema, "umehesabu nini?"

"Viti. Mia moja na vinne."

"Na watu?"

Nikainua macho. Naapa ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutazama watu. Mbele yangu palikuwa na safu nzima nzima za viti visivyo na mtu, na huko nyuma wamejazana wasichana wachache wa chini. Nikawahesabu kwa kidole, nikarudia. Arobaini na sita.

Kila mmoja alikuwa akipiga hesabu yake kichwani, na hesabu haikuwa ngumu. Kati ya wale arobaini na sita, zaidi ya thelathini walikuwa watu wa Gwantwa. Mlango ukifungwa wakati ule, uenyekiti ni wake, na daftari langu lingemtetea, kwa kuwa nilikuwa nimeshaandika akidi imetimia. Rafiki yake alimvuta sketi akae. Gwantwa hakukaa.

"Kanuni inasema wakazi themanini," akasema. "Haisemi viti. Jumatatu nikisimama barazani wakaniuliza nani kanichagua, nijibu nini? Waiteni wenzetu."

Niliona aibu, wajukuu zangu. Uso uliniwaka mpaka masikio. Lakini pia nilimpenda yule mtoto wa watu tangu dakika ile, na mpaka leo nampenda. Nikaifuta ile sentensi, nikamtazama Bi. Nanzala. Akaendelea kufuma, akasema tu kwamba hadi saa sita kuna dakika hamsini, na kufuta kwangu kwa unadhifu hakutaongeza hata moja.

Eliaichi alikuwa ameshatoka. Tulimsikia akishuka bondeni na ile sauti yake, akiita watu kwa majina ya utani, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya kuwa na koo kama lile. Wakaanza kuja. Wengine wana povu hadi viwikoni. Mmoja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimetimka, na msusi wake nyuma kashika kitana. Kila aliyeingia alikwenda kwenye kiti chenye jina lake, akakaa, na maji yakamchuruzika chini. Tukaanza kucheka. Wakafika sitini, wakafika sabini na tano. Aliyekamilisha themanini alipokaa, ukumbi mzima ulipiga vigelegele kama anayeolewa ni yeye.

Eliaichi hakutosheka. Kila akileta kundi alirudi kuchukua jingine, mbio, khanga kiunoni. Nilimwambia akae, inatosha, watu wameshatimia. Akanijibu wamebaki wanne kwenye bomba, hawezi kuwaacha, akapotea tena. Saa sita kasoro dakika moja tukawaona wanapanda kilima, yeye nyuma anawasukuma mgongoni, mmoja kabeba beseni la nguo kichwani na kakataa kulitua. Nilisimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Akawaingiza wa kwanza, wa pili, wa tatu. Yule wa beseni akakwama, beseni limeziba mlango. Eliaichi akalishika likiwa na nguo zote, akalivuta nje, na yule msichana akapenya ndani. Kengele ikalia.

Nikafunga mlango.

"Asifiwe," akasema kwa nje, anahema, "ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Mimi ni mgombea."

"Mgombea naye ni mkazi. Na aliye nje ni mgeni."

Gwantwa alikuja akaniomba nifungue. Wa juu wakaniomba. Sikuweza. Nilikuwa nimeshaipindisha kanuni mara moja asubuhi ile kwa werevu wangu, sikuthubutu kuipindisha mara ya pili kwa huruma, na huruma nilikuwa nayo tele. Halafu tukamsikia Eliaichi kule nje akisema, kwa upole ambao hatukuuzoea kwake, kwamba sawa, tupige kura, yeye atazisuuza hizi nguo.

Tukapiga. Kila mmoja alipita nyuma ya khanga iliyotundikwa kwenye kamba, akaandika jina, akatumbukiza karatasi kwenye boksi la sabuni. Kisha nikamwaga boksi mezani, nikasoma kura moja moja kwa sauti, Bi. Nanzala akipiga vistari ubaoni kwa chaki. Zilikimbizana tangu mwanzo. Gwantwa anatangulia, Eliaichi anamfikia, wanakwenda sambamba. Wako wa juu waliompa Gwantwa kwa lile alilolifanya, na wako wa chini waliompa Eliaichi kwa zile mbio zake. Nikaifungua karatasi ya mwisho, nikaisoma, nikahesabu vistari. Gwantwa arobaini na nne. Eliaichi arobaini na tatu.

Hakuna aliyeshangilia. Nikaenda kufungua mlango.

Eliaichi aliingia, mikono imelowa. Akausoma ubao. Akaondoka pale akatazama safu ya mbele, na sote tukatazama anapotazama. Katika safu ile yote kila kiti kilikuwa na mtu wake, isipokuwa kimoja, chenye kitenge chekundu. Nilijua anafikiri nini, kwa kuwa nami nilikuwa nikifikiri hilohilo: kura yake mwenyewe ingewafanya watoshane. Tukangoja. Aliyependwa kama yeye, na aliyeutaka uenyekiti ule kuliko kitu chochote, hata kama angelia au angepindua meza, nani angemlaumu?

Akaweka mikono kiunoni.

"Nimewakimbiza bweni zima waje wakae kwenye viti vyao," akasema. "Changu nimekisahau. Jamani, kiti kitupu hakipigi kura."

Akaanza kucheka yeye wa kwanza. Alicheka akainama, akajishika magoti, na ukumbi ukalipuka. Wasichana waliangua vicheko mpaka povu likaruka. Bi. Nanzala alidondosha sindano zake za kufumia. Mimi, msichana wa kutocheka ovyo, nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Eliaichi akafungua kile kitenge chekundu, akaenda akamfunga Gwantwa mabegani, akamwambia mbele ya wote kwamba angempigia kura hata yeye, kama asingekuwa na mgombea mwingine moyoni. Wakabebwa juu juu wote wawili kuuzunguka ukumbi mara mbili, na nyimbo zikaimbwa zile zile za kampeni ya Eliaichi, ila jina likabadilishwa.

Jumatatu Gwantwa alikwenda barazani, akafuatana na Eliaichi. Kwa sauti yake ndogo aliwafanya wazee wote wasogeze vichwa, akaeleza habari ya bondeni, akaonyesha mikono ya Eliaichi. Tukapewa tangi. Lilipofungwa na maji yakapanda ghorofani siku ya kwanza, wa juu walimwagiana ndoo kwenye korido mpaka Bi. Nanzala akatishia kulirudisha.

Mwaka uliofuata Gwantwa hakugombea, akagombea Eliaichi. Siku ya uchaguzi aliingia ukumbini kabla ya mtu yeyote, akakaa. Chai aliletewa hapohapo. Mkuu wa chuo alipita kutusalimu, tukasimama sote, Eliaichi peke yake akaomba radhi akabaki amekaa na mikono miwili kashikilia kiti chini. Tulimchagua kwa kura mia na tano, na ya mia na tano ilikuwa yake.

Kutoka hapo yale maneno yakatembea. Waliohitimu waliyabeba hadi makazini, kwenye vikao vya ukoo, kwenye vyama vya ushirika. Mtu akisema yuko pamoja nanyi na hajatokea, anaambiwa hivyo. Mtu akijivunia jina lake kwenye orodha, anaambiwa hivyo. Hata mwenye kuwahangaikia wengine wote akajisahau, naye anaambiwa, ila huyo huambiwa kwa kicheko na kwa mapenzi, kama tulivyomcheka Eliaichi. Unapopenda jambo, lifuate kwa miguu yako, likukute ndani mlango unapofungwa. Kiti kitupu hakipigi kura.