Kanzu ya Nusu Kitabu

Sikudhani alijishonea nguo zake zote, na roho yake ilikuwa kwenye kitabu kimoja chakavu cha ushonaji, katika duka la mitumba la tajiri Shamte.

"Nishonee kanzu ya kuvaa harusini kwa binti yangu, na kitabu kitakuwa chako," alisema Shamte. "Ila wewe nakujua, ukikipata chote hutashona." Akakipasua katikati, akampa nusu ya kwanza. "Nyingine ukimaliza."

Kanzu ikaja, ikamkaa vizuri. Shamte akajigeuza kwenye kioo, kisha akaifungia ile nusu ya pili kabatini mle dukani. "Hii mpaka unishonee na koti."

"Haya, mzee wangu. Harusi njema."

Siku ya harusi, Shamte alinyoosha mkono kuwapokea wakwe, na mkono wa kanzu ukachomoka begani. Akainua wa pili, nao ukafuata. Akamkimbilia Sikudhani, aliyekuwa ameketi na wageni, sindano mkononi.

"Mshono gani huu?"

"Bandi, mzee wangu, nyuzi za kushikizia tu. Nusu uliyonipa inaishia hapo."

"Mbona nguo zako hazifumuki?"

"Zangu sizishoni kwa nusu kitabu."

"Basi shona upesi, wakwe wananitazama!"

"Ngoja nisome kwanza," alisema Sikudhani, akakinga kiganja apewe funguo za duka.