Aliyemrudisha Navoneiwa

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, umeme ulipokwisha kupanda milima ya Upare na watu wazima wakawa bado wanautazama kwa kando, palikuwa na darasa. Lilikuwa ndani ya ghala kuukuu la ushirika, na hadi leo ukiingia mle unanusa kahawa. Kulikuwa na kompyuta chache na binti mmoja, Mwalimu Rukia, aliyeletwa kuwafundisha watu waliomzidi umri mara mbili, wengine mara tatu. Nanyi mnaoanza kucheka, ngojeni kwanza. Nina swali la kuwauliza mwishoni, ndipo tutajua nani wa kucheka.

Wanafunzi walikuwa wengi, lakini hadithi hii ni ya wanne.

Wa kwanza ni Mzee Kiangi, mwenye bucha. Vidole vyake vilikuwa vinene kama mihogo, na kwa kuwa amezoea kupasua mifupa, kibodi nayo aliipiga vivyo hivyo. Akitaka herufi moja, zinakuja tatu. Wa pili ni Bi Elieskia, mkunga aliyestaafu. Siku ya kwanza alikiinua kipanya juu, akakielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni, na aliporekebishwa akauliza mbona nyumbani kwake huwa inakubali. Wa tatu ni Bwana Mbazi, mshenga. Ukitaka kuoa unamtuma Mbazi, naye anakwenda kusema kwa ufasaha yale ambayo wewe ungeyasema kwa kigugumizi. Mwalimu alipowaambia wafunge dirisha, ni Mbazi aliyeinuka kwa adabu zote akaenda kufunga dirisha la ghala.

Wa nne ni Bi Nakijwa, fundi cherehani. Huyu hakuchekesha mtu.

Bi Nakijwa alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Navoneiwa. Miaka kadhaa nyuma kijana aitwaye Ambakisye alikuja na watu wa kujenga barabara, akampenda Navoneiwa, naye Navoneiwa akampenda. Ambakisye akamtuma Mbazi kupeleka posa. Bi Nakijwa akakataa. Alisema hawezi kumtoa mwanawe kwa mtu ambaye kwao ni mbali hivyo, mtu ambaye mkwewe akifa, habari zitamfika matanga yameshaanuliwa. Binti akasema ataondoka. Mama akamwambia mlango ni ule pale. Binti akautumia.

Tangu siku hiyo simu ya Navoneiwa haikupatikana, na Bi Nakijwa akawakataza watu kumwita Mama Navoneiwa. Alipojiandikisha kwenye darasa la kompyuta alisema anataka kujifunza kuchora mitindo ya magauni. Hakuna aliyemwamini, na hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo.

Ikafika siku ya kujifunza kutafuta vitu mtandaoni. Mzee Kiangi alitafuta ng'ombe wa Ulaya, akawatazama kwa majonzi ya mtu aliyezaliwa mbali na riziki yake. Bi Elieskia alitafuta jina lake mwenyewe, akanuna kwamba dunia haimjui ilhali nusu ya kijiji imepita mikononi mwake. Bi Nakijwa alimwita mwalimu, akamtajia jina moja kwa sauti ya chini. Mwalimu Rukia akaliandika lote, Navoneiwa, bila kukosea hata herufi. Mashine ikaleta kwaya, ikaleta shule, ikamleta Navoneiwa mmoja mzee kuliko Bi Nakijwa mwenyewe. Bi Nakijwa akasema imetosha. Akainamia mkoba wake, akawa anatafuta sindano ambayo hakuna aliyemwona akiipoteza.

Mzee Kiangi, aliyekuwa akikaa naye meza moja, aliliona hilo. Kipindi kilichofuata akamwambia amwachie kibodi ajaribu yeye. Bi Nakijwa akainua mabega tu. Mzee Kiangi akaandika N, akaandika A, akaandika V, akaandika O, kisha kidole gumba kikamponyoka kikaangukia kitufe cha kutafutia kabla hajamaliza jina. Mwalimu akamwambia amekosea, afute aanze upya. Lakini kioo kilikuwa kimejaa keki. Keki za harusi, keki za kipaimara, keki yenye umbo la gari la mchanga, na juu yake maandishi: Navo Keki, Tunduma. Mzee Kiangi ni mtu wa chakula. Akagoma kufuta mpaka azitazame zote.

Bi Elieskia akasogea ili naye asipitwe. Katika picha mojawapo alisimama mwanamke aliyebeba keki kwa mkono mmoja, ana miwani, ana nywele ndefu zilizonyooka, anacheka huku mdomo kauziba kwa kiganja kilichogeuzwa nje. Bi Elieskia akaitazama picha ile, akaitazama tena, akasema kwamba huyo ni Navoneiwa.

Bi Nakijwa akasema si yeye. Mwanawe hana miwani, mwanawe mwembamba, mwanawe hana nywele hizo.

"Nywele zinanunuliwa," Bi Elieskia akamwambia. "Mkono ule wa kuficha pengo je, umeuona duka gani? Toka yuko darasa la kwanza anacheka vile. Mtazame, Nakijwa. Usitazame nywele."

Bi Nakijwa akatazama. Kila mtu darasani akawa anashughulika na kompyuta yake, hata wale ambao zao zilikuwa zimezimika. Mwalimu akamwonyesha kwa upole mahali pa kuandika, kwamba ukiandika hapa, mwenye keki atasoma. Nanyi mnajua Bi Nakijwa alisema nini? Alisema, kama huyo ni mwanawe basi mikono anayo, na aandike yeye kwanza. Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Akaenda zake bila kufunga ukurasa wake. Mwalimu alikuwa amewahubiria kila siku, ukimaliza toka kwenye akaunti yako, nao kila siku wakaitika ndiyo mwalimu na kila siku wakasahau. Bwana Mbazi akakiona kiti kitupu na ukurasa ulio wazi wenye jina la Bi Nakijwa. Akakumbuka posa aliyoipeleka na aibu aliyorudi nayo. Katika maisha yake yote ya ushenga ile ndiyo posa pekee iliyomvunjia watu badala ya kuwaunga. Akaketi. Akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja, pumzi moja, mpaka akamaliza: "Mwanangu, nilikosea. Njoo nyumbani. Mimi mama yako." Akabofya, maneno yakaenda. Hakumwambia mtu.

Navoneiwa hakujibu. Alikuja.

Alikuja na Ambakisye, na tumbo lake mbele likiwa limekaribia siku zake. Ambakisye alikuwa ameipakata keki kwenye boksi kutoka Tunduma hadi Upare, akashuka nayo magoti yamekufa ganzi. Habari ilipanda mlima kuwapita, hivyo walipofika uani kwa Bi Nakijwa, Mzee Kiangi alikuwapo, Bi Elieskia alikuwapo, Mbazi alikuwapo, kila mmoja akiwa na sababu yake ya kupita njia hiyo.

Navoneiwa alipiga magoti akasema shikamoo mama, nimeyasoma maneno yako. Bi Nakijwa akauliza maneno gani. Binti akatoa simu, akayasoma kwa sauti, yote, mpaka mahali pa "mimi mama yako". Bi Nakijwa akawageukia wanafunzi wenzake mmoja mmoja. Mzee Kiangi akamtazama machoni. Bi Elieskia akamtazama machoni. Mbazi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sikuandika mimi," Bi Nakijwa akasema.

Navoneiwa akaizima simu. Akanyanyuka taratibu, akaushika mfuko wake. Ambakisye naye, bila kuambiwa, akaiinua keki tena.

Hapo Bi Nakijwa angeweza kunyamaza, maana kunyamaza alikuzoea. Akasema:

"Kaa, mwanangu. Hayo maneno yameibwa. Lakini mwizi aliyaiba kwangu, hakuyaiba kwa jirani. Yalikuwa humu kifuani siku zote, sikuwa na mdomo wa kuyatolea. Sasa nayasema mwenyewe. Nilikosea."

Kisha akamwendea Ambakisye, akampokea keki, akamwambia mkwe karibu ndani, umetoka mbali, umechoka.

Navoneiwa akajifungua katika nyumba ileile aliyoiacha, mtoto wa kike, mikononi mwa Bi Elieskia, aliyesema kustaafu ni kwa mishahara, si kwa watoto. Siku ya kumtoa mtoto nje watu wakajaa uani. Navoneiwa akasema mtoto huyu atachukua jina la mtu aliyemrudisha mama yake nyumbani. Alidhani amesema jambo jepesi.

Mzee Kiangi akasimama, akainua kidole gumba watu wote wakione. Akasema mwalimu aliandika jina zima kwa usahihi na hakupata kitu; yeye alikosea na akapata mtu. Bila kidole hiki, wangekuwa hadi leo wanasikiliza kwaya. Wakamwambia mtoto ni wa kike. Akasema jina halina ndevu. Mbazi akamuuliza kama kuku akiparua akafukua pete, ni kuku wa kuvishwa hiyo pete?

Bi Elieskia akasema keki waliziona wote, lakini aliyemwona mtu ni yeye, wakati mama mzazi anakana. Mzee Kiangi akamjibu kwamba kumwona mtu si kumwita. Hata yeye huwaona ng'ombe wa Ulaya kila kipindi, na bado hawajafika buchani.

Mbazi akasema waliotangulia walimpata, lakini aliyemwita ni yeye, na mtu harudi kwa kupatikana, hurudi kwa kuitwa. Bi Elieskia akamkumbusha kwamba mshenga hutumwa. Yeye alitumwa na nani? Aliingia moyo wa mtu kwa mlango ulioachwa wazi, akachukua kisicho chake. Na kama Bi Nakijwa angenyamaza siku ile, binti angeondoka na maumivu mawili badala ya moja.

Basi macho yote yakamgeukia Bi Nakijwa. Yeye hakudai chochote. Alikuwa amempakata mjukuu, anampepea kwa ncha ya khanga. Navoneiwa ndiye aliyemsemea, kwamba siku ile mfuko ulikuwa tayari mkononi, na kilichomkalisha ni mdomo wa mama. Mzee Kiangi akakohoa kidogo, akauliza kwa heshima, mtu aliyefunga mlango akija kuufungua, tumpigie vigelegele?

Wakabishana mpaka keki ikaisha. Mwalimu Rukia alipoombwa aamue, alisema yeye alikuja kufundisha kompyuta tu. Mtoto ameshaota meno mawili sasa, na bado anaitwa Kadogo, kwa sababu kila nyumba inalo jina lake na hakuna nyumba inayokubali la mwenzake.

Nami nimechoka kumwita Kadogo. Haya, ninyi mliokuwa mnacheka, semeni: kidole kilichokosea, jicho lililotambua, mkono ulioiba maneno, au mdomo uliochelewa kuyasema? Ni nani hasa alimrudisha Navoneiwa, na mtoto tumwite nani?